Nani Atafungua Kifaransa

Mwanangu Erasmo anatengeneza malori ya mgodini kule Lubumbashi, Kongo, na amefanya jambo ambalo katika ukoo wa Kapinga halijapata kufanywa: amewapeleka watoto wake shule ya Kifaransa. Sisemi shule inayofundisha Kifaransa. Nasema shule ambayo hesabu ni kwa Kifaransa, historia ni kwa Kifaransa, na mtoto akijikwaa uwanjani anatakiwa alie kwa Kifaransa. Ni shule ya binafsi, ina geti la bluu na mlinzi mwenye filimbi. Picha yake ninayo ukutani ndani ya fremu, kati ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na cheti changu cha elimu ya watu wazima.

Habari hiyo niliitangaza pale ilipofaa kutangazwa: nje ya kanisa, kwenye ofisi ya ushirika, na kwa jirani yangu Bernadi Hyera, ambaye nilimkuta anageuza kahawa kwenye kichanja. Kwa Bernadi nilikaa muda mrefu kidogo kuliko habari yenyewe ilivyohitaji.

"Kifaransa," Bernadi alisema bila kuinua macho. "Sasa huyo mjukuu wako Tadea akija likizo, mtazungumza naye nini?"

"Kifaransa."

"Cha wapi?"

"Cha kitabuni."

"Basi kitabu ndicho kitakachozungumza na mtoto. Wewe utakuwa umekishika tu."

Bernadi ana tabia hiyo. Amenizidi umri kwa mwaka mmoja, hilo silibishi, lakini elimu haiji kwa umri. Mimi nilisoma madarasa ya jioni Mbinga mjini nikiwa tayari baba wa watoto wawili. Nilikuwa nikitoka shambani, nanawa miguu, nashika njia. Nilipomaliza yale ya serikali niliendelea peke yangu. Kitabu cha Kifaransa nilikinunua mnadani Songea. Hakikuwa na jalada, na masomo matatu ya mwanzo yalikuwa yamechanika, kwa hiyo Kifaransa changu kinaanzia somo la nne. Somo la nne linahusu bustani. *Le jardin de mon oncle est grand*. Maana yake, bustani ya mjomba wangu ni kubwa. Sentensi hiyo naweza kuisema usingizini, na mke wangu Celestina anasema huwa naisema.

Kabla ya kwenda Lubumbashi, Tadea alilelewa na sisi hapa Mkumbi mpaka alipofika miaka minane. Alikulia kwenye sengu. Kwa asiyejua, sengu ni desturi yetu Wamatengo: watoto, wajukuu na wakwe wanakusanyika kwa mkubwa wao, wanakula pamoja, na mambo ya ukoo yanazungumzwa palepale juu ya ugali. Siku hizi wengi wameiacha, kila mtu anakula kwake na mlango ameufunga. Mimi sijaiacha. Kila Jumapili baada ya Misa watu wanakuja. Na kwangu kuna utaratibu. Mkubwa ndiye anayefungua mazungumzo. Akishafungua, anafuata anayemfuata kwa umri, halafu mwingine, mpaka zamu imfikie mdogo kabisa. Hakuna kuruka. Mdogo akimruka mkubwa ni kama amemvua kofia mbele za watu. Tadea ndiye aliyekuwa mdogo kabisa, na hakuruka hata siku moja. Wageni walikuwa wakimsifu, na sifa hizo nilizipokea mimi kwa niaba yake.

Mwezi wa saba Erasmo akapiga simu. Niliipokelea kwenye jiwe lililo juu ya shamba langu la ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani yanayoshika maji ya mvua yasiondoke na udongo. Mtandao kwangu unapatikana juu ya jiwe lile tu, na upepo nao uwe na adabu.

"Baba, shikamoo. Tadea anakuja likizo. Lakini kuna tatizo, hasemi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Darasani ndiko hasemi. Kuandika anaandika, na kwa kuandika amekuwa wa pili. Lakini mwalimu akiuliza kwa mdomo, kimya. Mwaka mzima! Wenzake wote wamemzidi umri, labda anawaogopa, sijui. Mtihani wa kuzungumza wanafanya mbele ya darasa zima. Alisimama pale mpaka muda ukaisha."

"Labda wanauliza vibaya."

"Baba."

"Nasema labda."

"Wamempa nafasi moja tu, mwisho wa Agosti, kwa simu ya video, na mlezi awepo karibu. Asiposema, wanamrudisha darasa la wanaoanza lugha. Baba, hilo ndilo darasa atakaloanza Cleopa."

Cleopa ni mdogo wake Tadea, ana miaka sita na viatu bado anavalishwa. Nikaketi juu ya jiwe. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe nani mkubwa na nani mdogo, leo akakae dawati moja na mdogo wake wa tumbo moja! Aibu hiyo isingeishia Lubumbashi. Ingepanda milima mpaka Mkumbi, na Bernadi angeipokea barabarani na kuibebea mizigo.

"Niachie mimi," nikamwambia Erasmo. "Kifaransa nakijua."

"Baba," akasema, "mtandao unakatika."

Mtandao haukuwa unakatika.

Tadea alifika na dereva mmoja wa Songea anayefahamiana na baba yake. Alikuwa amerefuka, miaka kumi, shingo kama ya mama yake Jacqueline. Alipiga goti, akaniamkia, akanyamaza akisubiri nifungue. Nikasema moyoni, huyu hajaharibika.

Kila jioni, kahawa ikishafunikwa, nilimkalisha na kitabu. Mimi nasoma, yeye anarudia. Nilivyosoma ndivyo alivyorudia, sauti kwa sauti, hata pale nilipokohoa katikati ya neno. Hakuniuliza swali hata moja. Nikaona somo linakwenda vizuri.

"Unamfundisha au anakuvumilia?" Celestina akauliza, anachochea moto.

"Mama Erasmo, mambo ya shule niachie."

"Nimekuachia. Nauliza tu."

Jambo moja tu sikulielewa siku zile. Tadea akitumwa maji, alikuwa anachelewa kwenye mpaka wa shamba la Bernadi. Nikichungulia nawaona wawili hao wamesimama, mzee ameinama, mtoto anaonyesha kitu kwa vidole, mzee anatikisa kichwa. Nilidhani ni habari za mapera. Bernadi ana mapera mazuri, kwa hilo namsifu.

Siku ya mtihani ilipokaribia tuliamua kushuka Mbamba Bay kwa binti yetu Oliva. Ameolewa na Mnyasa kule, ana mgahawa karibu na ufuko, na mtandao wa pale hauhitaji jiwe. Asubuhi ya safari tukamkuta Bernadi kituoni Mbinga, amevaa koti lake la Pasaka.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Mbamba Bay. Kununua dagaa."

"Mfuko uko wapi?"

Bernadi akatazama mikono yake yote miwili. "Nitanunua na mfuko," akasema.

Barabara ya lami ya kushuka ziwani ni nzuri siku hizi, inajikunja mlimani kama nyoka aliyeshiba. Tuliondoka Mbinga tumevaa makoti, tukafika Mbamba Bay tumeyabeba. Ziwa lilikuwa limetulia, na upande wa pili milima ya Malawi inaonekana kama moshi. Oliva alitupokea kwa samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma, na ugali wa muhogo. Wakwe zetu wa ziwani ni watu wakarimu sana, ila mezani kwao hakuna anayefungua. Wote wanafungua. Mtoto anamruka baba, baba anamruka bibi, samaki anapita hapa, hadithi inapita kule. Nilikula nikiwa nimeshika sahani yangu kwa nguvu. Tadea alikuwa kando yangu, kimya, kama kisiwa.

Jioni ile nikamtafuta ili tupitie somo la bustani kwa mara ya mwisho. Hakuwepo uani. Celestina akanishika mkono. "Njoo uone."

Kwenye mchanga watoto wa jirani walikuwa wamekaa mstari, wadogo wadogo, wengine hata meno hayajatimia. Mbele yao amesimama Tadea na kijiti. Anasema! Anasema kwa Kifaransa, kasi, mikono inaruka, anahesabu mitumbwi iliyovutwa pwani, watoto wanaitikia kwa kelele. Mmoja alipokosea, Tadea alishika kiuno akamwuliza jambo, na darasa zima likaanguka kwa kicheko.

"Huyu ndiye asiyesema?" Celestina akauliza.

"Tadea!" nikaita.

Akatupa kijiti akaja mbio. Alipofika mbele yangu akaweka mikono nyuma, akanyamaza.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Kesho hivyohivyo."

"Ndiyo, babu."

Celestina alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akawatazama wale wadogo waliobaki kwenye mchanga. Nilifikiri ni uchovu wa safari.

Kesho yake Oliva alifunga mgahawa, akaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia juu ya meza. Mimi nilivaa tai. Saa za Lubumbashi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, jambo nililomweleza Bernadi mara mbili, kwa hiyo tulikuwa tayari mapema. Bernadi alikuwa amesimama mlangoni. Alisema anasubiri dagaa wakauke.

Kabla ya simu kulia nilimwita Tadea pembeni nikampa nasaha. "Mjukuu wangu, huyo mwalimu ni mgeni wetu leo. Nyumba nzima inakutazama. Uwe na adabu kama kwenye sengu."

"Ndiyo, babu," akasema, na macho yake yakazunguka chumba taratibu: mimi, bibi yake, shangazi yake, mlango.

Simu ikalia. Kwenye kioo akatokea mwanamke wa makamo, miwani mikubwa, kitambaa cha kijani kichwani. Ndiye Madamu Hedwige.

"Jambo yenu, baba na mama," akasema. Kiswahili chao kina mdundo wake, lakini mtu anasikia. "Mutoto iko muzuri?"

Tukamjibu, mtoto mzima, karibu. Akaeleza kwamba kuanzia sasa ni Kifaransa kitupu, na mtu yeyote asimnong'oneze mtoto jibu. Ana watoto wengine wanaosubiri, kwa hiyo muda si mrefu. Akainua picha: familia imezunguka meza, inakula. Akauliza swali kwa Kifaransa, kwa upole.

Tadea akanitazama mimi.

Nikamkonyeza, sema. Akaendelea kunitazama. Madamu akauliza tena, polepole zaidi. Nje boti ya injini ilipita, ikaenda, sauti ikaisha kabisa. Tadea kimya. Mikono iko nyuma.

"Baba," Madamu akasema kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, "hivi ndivyo alivyo mwaka muzima. Nitauliza mara ya mwisho. Asiposema, nitaandika kwamba arudi kwa wadogo."

Nikalegeza tai. Hapo ndipo Celestina akaniinamia sikioni, kwa Kimatengo, lakini Oliva anasema hata watu wa mtaa wa pili walisikia.

"Anakusubiri wewe."

"Mimi?"

"Hujafungua! Unamwambia akae kama kwenye sengu, halafu mkubwa wa nyumba umekaa kimya kama kinu. Yeye atakurukaje? Jana pale mchangani alisema kwa sababu yeye ndiye alikuwa mkubwa."

Nikamgeukia Tadea. "Ni kweli?"

"Babu," akasema kwa sauti ndogo, "hata darasani. Kuna mwenzetu Patient, ndiye mkubwa wetu, ana miaka kumi na mbili, halafu yeye hajibu kitu. Sasa mimi nitamruka?"

Nilikuwa na njia rahisi. Ningeweza kumwambia, leo ruka. Neno moja tu. Lakini mtoto huyo alikuwa ameshika kwa mwaka mzima, katika nchi ya watu, kitu nilichompa mimi, na hakukiachia hata walipotaka kumshusha darasa. Niende nikamwambie kilikuwa cha mchezo? Nikasimama. Nikakaza tai. Nilijua Bernadi yuko mlangoni na masikio yake yote mawili. Nikaisogelea simu mpaka Oliva akanirudisha nyuma kidogo kwa sababu ilikuwa inaonyesha pua tu.

"*Le jardin de mon oncle est grand*," nikasema.

Madamu Hedwige akavua miwani. Akaivaa tena. Halafu uso wake ukafunguka, akanijibu kwa Kifaransa, maneno mengi, na mwishoni sauti ilipanda. Lilikuwa swali. Kitabu changu hakina mahali ambapo mtu anauliza.

"Kitabu kimeishia hapo?" Bernadi akasema mlangoni.

"Nyamaza wewe. Mama Erasmo, zamu yako."

"Mimi Kifaransa nimekitoa wapi?"

"Sema chochote cha kwao."

Celestina akafikiri. Parokiani kwetu kuna pango la Bikira Maria, mfano wa lile la Ufaransa, na kila mwezi wa tano yeye ndiye anayelifagia. Akafanya ishara ya msalaba. "Lurdi," akasema. "Bernadeta wa Lurdi." Madamu naye akafanya ishara ya msalaba, bila kufikiri. Oliva, ambaye ukweni kwake hakuna anayesubiri zamu, hakuhitaji kuambiwa. "Pijo," akasema. "Gari la baba mkwe. Pijo ya kijivu."

Sasa wote tumesema. Tukamgeukia Tadea. Alikuwa amekwishavuta pumzi, nikaona kabisa kifua kimejaa, kisha akaitoa polepole. Macho yake yalikuwa mlangoni.

Bernadi.

Amenizidi mwaka mmoja, nimeshasema. Katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na hakuwa amesema neno la Kifaransa.

"Bernadi," nikaita. "Ingia."

"Mimi nimefuata dagaa."

"Ingia, bwana. Mtoto anakusubiri."

"Aah." Akaegemea mlango. Sijawahi kuona mtu anayestarehe kiasi kile. "Kwa hiyo unaniomba."

"Nakuomba."

"Nikufungulie mazungumzo. Mimi ambaye sikusoma jioni."

"Bernadi, mwalimu anasubiri!"

"Na mimi ni mkubwa wako."

"Wewe ni mkubwa wangu," nikasema, mbele ya mke wangu, mbele ya binti yangu, na mbele ya Lubumbashi.

Bernadi akaingia. Akavua kofia, akainama mbele ya chupa ya mafuta kama mtu anayeingia kwa padri. "*Bonjour, madame*," akasema. "*Comment allez-vous?*"

Yalitoka laini, kama yamepakwa siagi. Madamu akaweka mkono kifuani, akaitikia kwa furaha, na Bernadi akamshukuru, kwa Kifaransa vilevile, akarudi nyuma. Katika sisi wote tuliojipanga mbele yake, hakuna aliyekuwa amemsalimu kwa lugha yake. Salamu ziko katika masomo matatu ya mwanzo.

"Umeyatoa wapi hayo?" nikamwuliza kwa mnong'ono.

"Kwa mjukuu wako. Nilimwuliza. Wewe umewahi kumwuliza?"

Hapohapo Tadea akaanza.

Ndugu zangu, alisema. Alisema kama maji ya ngolo unapotoboa ukingo. Sikuelewa neno ila moja moja, bustani, mjomba, na kila nilipolitambua neno nilitikisa kichwa ili Bernadi aone. Mikono ilitoka nyuma, ikachimba mashimo hewani, ikapanda mahindi, ikachuma kahawa. Madamu aliuliza, Tadea akajibu kabla swali halijatua. Kisha akaionyesha picha ya ile familia mezani, akasema jambo fupi huku amekunja uso, na Madamu Hedwige akacheka mpaka kitambaa cha kijani kikasogea.

Alipotulia alitueleza kwa Kiswahili. Swali lile alilokuwa ameniuliza mimi ni mjomba wangu analima nini katika bustani yake. Tadea alianza hapo. Alisema, babu yangu ameulizwa na hajamaliza kujibu, nitammalizia: shamba la mjomba wake liko mlimani, lina mashimo yanayokunywa mvua, wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga, wanawake wanazifukia kwa udongo, na mahindi yake hayaondoki na maji. Mjomba wangu marehemu alilima hivyohivyo. Kitabu cha mnadani hakikumjua, lakini mtoto alimjua kwa hadithi za Jumapili.

"Na picha?" Celestina akauliza. "Kilichokuchekesha ni nini?"

"Anasema ile familia inasema wote kwa mara moja, na hakuna mukubwa aliyefungua. Anasema chakula chao kitapoa." Madamu akafuta macho. "Baba, mutoto huyu anasema sana! Kwa nini hamukuniambia anangoja zamu?"

"Madamu," nikasema, "hata sisi tumejua leo."

Akaandika hapohapo, tukiona kalamu inakwenda. Tadea anapanda darasa na wenzake. Halafu akamwuliza Tadea, kwa Kiswahili ili na sisi tusikie, mwakani wafanyeje. Tadea akanitazama. Nikaona safari hii nifungue haraka.

"Mwalimu ndiye mkubwa wa darasa," nikasema. "Akishauliza, amefungua. Akikutaja jina, hiyo ni zamu yako. Na huyo Patient..."

"Huyo Patient," akasema Madamu, "mwakani atafungua yeye kila asubuhi, apende asipende. Mudogo wake anamungoja."

Bernadi alinunua dagaa, na mfuko. Alinipa nusu yake, na kwa Bernadi hilo ni kubwa.

Jumapili iliyofuata, ya mwisho kabla Tadea hajarudi, sengu ilijaa. Baada ya kula nilisimama nikatoa tangazo. Utaratibu wa nyumba hii, nikasema, haubadiliki: mkubwa anafungua. Lakini ukubwa wa Kifaransa hauhesabiwi kwa mvua alizoziona mtu. Unahesabiwa kwa nani aliingia kwanza katika lugha yenyewe. Kwa hiyo, kwa Kifaransa, mkubwa wa ukoo wa Kapinga ni Tadea, na leo atatufundisha masomo matatu ya mwanzo, yale yaliyochanika. Watu wakapiga makofi. Tadea akapiga goti kwanza, ndipo akasimama na kuchukua kijiti.

Nikavuta kigoda changu mbele, nikafungua daftari, nikasafisha koo.

"Babu," Tadea akasema, "samahani. Babu Bernadi ndiye alianza kujifunza kwangu. Wewe unafuata baada yake."

Bernadi hakuwa wa ukoo wetu, alikuja tu kurudisha kikapu, lakini alikwishaketi. Akanyoosha miguu. Akaomba maji, akanywa. Akasema salamu ya asubuhi, akaomba kuirudia. Akasema ya mchana. Akauliza kama kuna ya jioni.

"Ipo," Tadea akasema.

"Basi tusiiruke," akasema Bernadi, na akanitazama.

Nikaweka mikono nyuma, nikasubiri zamu yangu.